Hana kidonda, hana homa, lakini mwili unapigana: habari za mafuta ya tumbo

Waya, yaani shangazi yangu upande wa baba, anauza samaki hapa Kisumu tangu nikiwa mtoto. Mwezi wa pili alikuja kwangu jioni na karatasi ya maabara imekunjwa mara nne ndani ya leso, akaiweka kwa meza akasema nyathina, yaani mwanangu, wewe si unafanya kazi ya maabara, hebu nisomee hii. Nikasoma. Sukari ya asubuhi kabla ya kula 6.6, haijafika 7 ambayo ndiyo tunaita kisukari lakini pia imeshatoka kwa kawaida. Chini yake CRP 8, imewekewa alama ya nyota. Kliniki alikotoka walimwambia "mama punguza mwili" wakaita anayefuata, maelezo yaliishia hapo. Lakini Waya si mtu wa kuondoka bila kuuliza, alimshika kijana wa maabara njiani akamuuliza hii CRP ni ya nini, akaambiwa inaonyesha mwili una inflamesheni, yaani kuna kitu mwili unapigana nacho. Sasa swali lake kwangu lilikuwa moja na ni swali zuri kuliko mengi ninayosikia kazini: "Sina kidonda, sina homa, sikohoi. Mwili wangu unapigana na nani?"

Siku hiyo nilikuwa nimechoka nikamjibu kwa kifupi, nikasema ni mafuta, Waya. Akanyamaza kama mtu ametukanwa. Nimefikiria hiyo kimya yake wiki nyingi sana na ndio sababu naandika hapa, kwa sababu jibu ni kweli ni mafuta, lakini vile watu wanaambiwa inasikika kama kesi ya ulafi, na ukielewa kinachofanyika ndani utaona hapo hakuna kesi ya kumshtaki mtu.

Tuanze na inflamesheni yenyewe. Ukijikata na kisu ukipara samaki, baada ya masaa machache kidole kinakuwa chekundu, kinavimba, kinakuwa na joto na kinauma. Hizo dalili nne Mrumi mmoja anaitwa Celsus aliziandika karibu miaka 2000 iliyopita na mpaka leo tunafundishwa vilevile darasani. Pale kwa kidole seli za ulinzi zimeitwa, mishipa imepanuka damu ije kwa wingi, wadudu wanauawa, nyama iliyokufa inaliwa, kazi ikiisha kila mtu anarudi kwake na kidole kinapona. Bila hiyo mkwaruzo mdogo ungetuua. Shida ni ile aina nyingine, haina usaha, haina joto la kushika, inawaka kama makaa chini ya jivu miezi na miaka na huwezi weka kidole mahali useme inauma hapa. Mtu wa nimonia CRP yake inaweza kupita 100. Ya Waya ni 8. Ni moto mdogo, lakini haulali.

Na kwa watu wengi wenye tumbo kubwa moto huo unatoka kwa mafuta yenyewe. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu karibu sote tumekua tukidhani mafuta ni mzigo tu, kitu kimewekwa hapo kama gunia. Nenda buchari asubuhi mapema wakati mbuzi anapasuliwa uangalie. Chini ya ngozi kuna mafuta membamba yameshikana na nyama. Lakini tumbo likifunguliwa, hata kabla hujaona matumbo yenyewe, unakutana na kitu kama wavu mweupe, laini kama pazia la neti, una mistari ya mafuta na katikati ya mistari kuna vimishipa vyekundu vimepita kila upande, halafu ukienda nyuma kabisa unakuta figo zimezama ndani ya mafuta mazito. Niliwahi kuomba kipande cha huo wavu nikakiinua kwa mwanga wa mlango. Hakukuwa na mahali pa upana wa kidole pasipo na mshipa. Mzigo wa kukaa tu hauwekewi mabomba mengi hivyo. Na sisi binadamu tuna wavu huohuo, na damu inayotoka kwa huo wavu haikimbilii moyo moja kwa moja, inapita kwa ini kwanza. Hiyo ya ini ishike, tutaihitaji.

Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake pale Chuo Kikuu cha Rockefeller huko New York walipata homoni inayotengenezwa na seli za mafuta zenyewe, wakaiita leptini, kazi yake ni kwenda kuambia ubongo ghala liko na akiba kiasi gani. Hapo ndipo wengi walianza kukubali kwamba mafuta ni kiungo kama vile ini na kongosho, kinaongea na mwili mzima. Kuna nyingine inaitwa adiponektini, hiyo inasaidia insulini, homoni ya kushusha sukari ya damu, kufanya kazi, na cha kushangaza mtu akinenepa sana hiyo inapungua badala ya kuongezeka.

Kama bado unaona mafuta ni adui, sisi wa huku Nyanza tuliona ushahidi kwa macho. Kulikuwa na dawa moja ya ARV miaka ile ya mwanzo, stavudini. Iliokoa watu wengi sana na hilo lazima lisemwe. Lakini iliharibu seli za mafuta. Mashavu yaliingia ndani, mikono na miguu ikabaki mishipa, makalio yakaisha, na wengine tumbo likabaki palepale au likaongezeka. Na kwa wengi wao sukari na mafuta ya damu yalipanda. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likaambia nchi ziiondoe pole pole, na leo haitumiki. Sasa hebu fikiria, mtu amepoteza mafuta, amekonda mikono na uso, halafu sukari ndiyo inapanda! Inawezekanaje? Inawezekana kwa sababu mafuta ya chini ya ngozi ndiyo ghala salama la mwili. Ukibomoa ghala na mavuno bado yanakuja, mahindi yatamwagwa ndani ya nyumba, kwa kitanda, kwa jikoni. Mwili ni hivyo tu, mafuta yaliyokosa ghala yanaingia kwa ini, kwa misuli, kuzunguka matumbo, mahali ambapo hayakupaswa kukaa.

Hicho ndicho ningemwambia Waya ile jioni kama ningekuwa na nguvu. Ubaya unaanza mafuta yakikosa pa kukaa, na unaweza kuanza kwa mtu mnene sana au kwa mtu wa kawaida tu mwenye katumbo.

Ghala linajaa namna mbili. Unaweza kuongeza vyumba, ama unaweza kushindilia vyumba ulivyo navyo mpaka kuta zibenuke. Watafiti wa Uswidi wakiongozwa na Kirsty Spalding walitaka kujua binadamu anatumia njia gani, na mwaka 2008 walitoa jibu kwa njia ambayo mimi hata nikiisoma mara ya kumi bado nashangaa. Yale mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa hewani miaka ya 1950 mpaka mwanzo wa 1960 yaliongeza kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi kidogo, kwa hewa ya dunia nzima, ikaingia kwa mimea, kwa chakula, kwa watu, halafu ikaanza kupungua mwaka baada ya mwaka. Seli ikizaliwa inabeba kiwango cha kaboni cha mwaka huo ndani ya DNA yake, ni kama imepigwa muhuri wa tarehe. Wakachukua mafuta ya watu, wakasoma mihuri. Wakapata kwamba idadi ya seli za mafuta inawekwa utotoni na ujanani, ukishakuwa mtu mzima inakaa hapo hapo, kila mwaka karibu 10% zinakufa na zingine mpya zinachukua nafasi. Hata mtu akipoteza kilo nyingi baada ya operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula idadi haishuki, seli zinanywea tu. Kwa hivyo mtu mzima akinenepa, sehemu kubwa ya habari ni vyumba vilevile vinavimba.

Na seli ina mwisho wake wa kuvimba. Iliyojaa sana inaweza kupita sehemu ya kumi ya milimita kwa upana, kwa seli hiyo ni ukubwa wa ajabu, na oksijeni ikitoka kwa mshipa wa damu huwa haisafiri mbali zaidi ya hapo. Kwa panya wanene imeonekana wazi mafuta yanakosa hewa, kwa binadamu wataalamu bado wanabishana kama ni hivyo hivyo. Lakini hata bila hiyo ya hewa, seli iliyovutwa hivyo inakuwa kwa shida, inaanza kutoa kemikali za kuita msaada na zingine zinakufa kabisa.

Hapa ndipo watu wanatofautiana sana na si haki kuwapima kwa macho. Kuna mama ana nyonga na mapaja makubwa, ngozi yake imekubali kuweka mafuta, ukimpima sukari iko sawa, presha iko sawa. Kuna mwanaume suruali yake ni namba ya kawaida, mikono myembamba, ana katumbo kadogo tu kagumu mbele na ini lake tayari lina mafuta. Ukoo unachangia, umri unachangia. Wanawake wengi mpaka hedhi ikome mafuta yalikuwa yanaenda nyonga, ikikoma yanageukia tumbo. Waya ana miaka 54 na aliniambia mwenyewe hajui tumbo lilitoka wapi kwa sababu chakula ni kilekile.

Sasa seli ya mafuta ikifa inaacha tone la mafuta, na hilo tone ni kubwa kuliko askari anayekuja kulisafisha. Askari huyo anaitwa makrofaji, ni seli ya ulinzi inayokula uchafu na seli zilizokufa. Wewe kama umefika Dunga ama popote wanapopara samaki unajua marabu, yale makorongo makubwa ya upara yenye mfuko shingoni. Ukitupa mgongo wazi wa mbuta, ile mifupa inayobaki nyama ikishatolewa, anakuja mmoja anatembea kama mzee, anakuja wa pili, ukigeuka kidogo tu ukirudi unakuta wamefanya duara, midomo ndani, mikia nje, na kila mmoja anasukuma mwenzake. Kwa darubini ni picha hiyohiyo. Mwaka 2005 kundi la Saverio Cinti wa Italia na wenzake wa Marekani lilionyesha kwamba zaidi ya 90% ya makrofaji kwenye mafuta ya panya wanene, na ya watu wanene pia, zimezunguka seli zilizokufa, na huo mzunguko wanauita taji. Miaka miwili kabla, 2003, makundi mawili ya Marekani yalikuwa yameshatoa habari kwa wakati mmoja kwamba mafuta ya wanene yamejaa makrofaji, na moja ya hayo, la Anthony Ferrante wa Columbia, lilikadiria kwamba kwa watu wembamba ni chini ya 10% ya seli zote za mafuta hayo na kwa watu wanene inafika karibu 40%. Soma hiyo tena. Karibu seli nne kati ya kumi kwa mafuta ya mtu mnene si za mafuta, ni askari wa kinga.

Na si idadi tu. Kwa panya wembamba hizo makrofaji zinafanya kazi ya usafi na ukarabati kimya kimya. Panya akinenepeshwa zinaingia zingine zenye tabia ya vita, zinatoa kemikali kali za kuita wenzao zaidi. Kwa watu picha ni ngumu kidogo kuliko hiyo ya pande mbili, ila mwelekeo ni huo.

Marabu wakimaliza samaki wanaruka. Hawa hawaruki, kwa sababu tone moja linachukua muda mrefu kuliwa na kabla liishe kuna seli ingine imekufa pembeni. Kila siku kuna mgongo wazi mpya. Hiyo ndiyo vita ya Waya.

Tuje kwa sukari. Hii kemikali kubwa ya vita inaitwa TNF. Zamani ilijulikana kwa mambo ya saratani na maambukizi makali, hakuna mtu aliifikiria kwa unene. Mwaka 1993 huko Boston, Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman na mwenzao walikuta mafuta ya panya wanene yanaitoa kwa wingi, na wakiizuia, insulini ya wale panya inafanya kazi vizuri tena. Watu wengi wanahesabu somo lote lilianzia hapo.

Insulini inafanya kazi kama makanga wa matatu. Anapiga bodi mara mbili, dereva anajua simama, mlango unafunguliwa, abiria anaingia. Insulini nayo inapiga ukuta wa seli ya misuli, ndani kuna ujumbe unapitishwa mkono kwa mkono, mwisho mlango unafunguka na sukari inaingia kutoka kwa damu. TNF na wenzake wakifika kwa hiyo seli wanawasha ving'ora vyao ndani, na hivyo ving'ora vinamwekea alama yule wa kwanza wa kupokea ujumbe mpaka hawezi kuupitisha vizuri. Ni kama redio ya matatu imefunguliwa mpaka mwisho. Makanga anapiga, dereva hasikii. Makanga anapiga kwa nguvu zaidi, na hapo ni kongosho linatoa insulini mara mbili, mara tatu ya kawaida, kwa hivyo kwa miaka mingi sukari inaonekana sawa kwa karatasi kumbe kongosho linafanya kazi ya usiku na mchana. Likianza kuchoka ndipo unaona 6.1, 6.6, halafu 7.

Na si misuli tu. Seli ya mafuta yenyewe huwa inaambiwa na insulini shikilia mafuta yako usiyaachilie. Ikiacha kusikia inavuja, mafuta yanaingia kwa damu, na yale ya kwenye wavu wa tumbo yanaenda kwa ini moja kwa moja. Ini likijaa mafuta nalo linaanza kumwaga sukari hata usiku umelala hujala kitu, na hiyo ndiyo sababu mtu anashangaa sukari ya asubuhi iko juu na jana alilala na uji tu. Pamoja na mafuta, ini linapokea kemikali nyingine kutoka hukohuko inaitwa IL-6, na ini likisikia IL-6 linatengeneza CRP. Ndiyo hiyo 8. Haikutoka kwa kidonda. Imetengenezwa na ini lililoambiwa na mafuta kwamba kuna vita.

Huo moto ukishaingia kwa damu hauchagui. Unakera kuta za mishipa ya moyo. Unachangia maumivu ya viungo pia, na hapa watu husema ni uzito tu, goti linalemewa, na kweli goti linalemewa, lakini watu wanene wanapata zaidi arthritisi ya vidole vya mkono vilevile na hakuna mtu anatembelea vidole.

Sasa mtu atasema, si basi tumeze dawa ya kuzima moto. Wazo hilo ni la zamani sana, tangu mwaka 1876 daktari Mjerumani anaitwa Ebstein aliandika kwamba salisileti, jamaa wa aspirini, kwa dozi kubwa ilipunguza sukari kwa mkojo wa wagonjwa. Karne hii salisileti imejaribiwa tena kisasa na kweli sukari ilishuka, ila kidogo. Lakini dawa za kuzuia TNF wakipewa watu wenye kisukari majaribio ya kwanza hayakuonyesha nafuu, tofauti kabisa na panya. Na mwaka 2017 ulitoka utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo, wakapewa kanakinumabu, dawa inayozima kemikali moja tu ya inflamesheni. Mashambulizi ya moyo yalipungua, kuonyesha moto una madhara kweli, lakini watu waliopata kisukari kipya hawakupungua, na vifo vya maambukizi viliongezeka kidogo kwa wale wa dawa. Kuna hata utafiti wa panya wa 2014 ambapo inflamesheni ilizuiwa ndani ya mafuta kabisa, na wale panya wakawa na hali mbaya zaidi, kwa sababu ghala likipanuliwa lazima kuta za zamani zibomolewe na fundi wa kubomoa ni hao hao askari. Kwa hivyo moto kidogo wa ukarabati unahitajika. Ubaya ni ukarabati usioisha.

Naomba hapo usikilize vizuri, kwa sababu sokoni kuna watu wanauza chupa za kijani na poda za kuondoa inflamesheni na mafuta ya tumbo kwa siku 14, na wengine wanameza dawa za maumivu kila siku wakidhani wanazima moto. Hizo za maumivu zikizidi zinatoboa tumbo na kuumiza figo. Sijaona chupa yoyote inayofukuza marabu huku samaki wanaendelea kutupwa.

Kwa Waya na wanawake wa umri wake huku kwetu kuna jambo lingine ambalo mtaalamu wa mbali hawezi kulijua. Ule utafiti wa serikali wa afya ya jamii wa 2008-09 ulikuta wanawake 25 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi, na wa 2014 ukakuta 33. Watu wanasema ni chipsi na soda na boda boda, na ni kweli, zamani Waya alitembea na beseni kichwani, sasa boda inamchukua mlangoni. Lakini huku tulizika watu wengi sana wa ukimwi miaka ya tisini na elfu mbili, na waliozikwa walikuwa wamekonda. Mpaka leo mwanamke wa biashara akikonda ghafla watu wanaanza kuulizana kimya kimya pale soko, na mteja anahama. Mtu akiambiwa "punguza mwili" kwa mji kama huu unamwambia abebe jambo zito na humwelezi kwa nini. Mimi naona hiyo ni makosa yetu sisi watu wa afya.

Kwa hivyo nilirudi kwa Waya nikaanza upya, na nikaacha mizani kabisa. Nikamwambia tupime kiuno. Futi ya fundi haikuwepo, akachukua uzi ule wa kushona gunia la omena. Unapima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, umesimama wima, umetoa pumzi kawaida bila kuvuta tumbo ndani. Kwa mwanamke ikipita sentimita 80 hatari inaanza kupanda, kwa mwanaume 94, na njia nyingine rahisi ni kiuno kisipite nusu ya urefu wako. Akafunga fundo. Nilipoupima uzi kazini ulikuwa 104.

Habari njema ni kwamba mafuta ya ndani ya tumbo ni mepesi kutoka kuliko ya nyonga, yanaitika mapema. Marekani mwaka 2002 walitoa matokeo ya watu zaidi ya 3,000 wenye sukari ya njiani kama ya Waya, waliofuatwa karibu miaka mitatu. Kundi moja liliwekewa lengo la kupunguza 7% ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, na walioingia kisukari wakapungua kwa 58%. Waliopewa metifomini, dawa ya kisukari, ilikuwa 31%. 7% kwa mtu wa kilo 90 ni kama kilo sita, hakuna mtu atamtambua vibaya sokoni. Na kutembea kunasaidia hata kabla kilo hazijashuka, kwa sababu misuli ikifanya kazi inafungua mlango wa sukari kwa njia yake nyingine isiyomngoja insulini, ni kama abiria kupandia mlango wa nyuma.

Habari ngumu pia nilimwambia, sikutaka kumdanganya. Mwaka 2024 watafiti wa Uswisi walionyesha kwamba seli za mafuta zinabaki na kumbukumbu ya unene hata baada ya kilo kushuka, alama zinabaki kwa protini zinazokunja DNA, na panya waliokuwa wanene zamani wakipewa chakula cha mafuta wananenepa haraka kuliko wenzao. Kwa hivyo mtu aliyepungua halafu akarudi pale pale si mvivu, anapigana na seli zenye kumbukumbu.

Waya hakubadilisha mengi. Chakula chake kilikuwa kizuri tayari, omena, mboga za osuga na apoth, nani atamfundisha hizo. Alitoa soda ya saa nane, akapunguza sukari ya chai kutoka vijiko vinne hadi kimoja, ugali akapunguza mkono mmoja, na asubuhi anatembea mpaka sokoni, boda anapanda jioni tu akiwa na mzigo.

Juzi alikuja na uzi. Kila mwisho wa mwezi anafunga fundo jipya, na kati ya fundo la kwanza na la sasa vidole vyangu vitatu vinaingia. Sukari 6.0, CRP 5. Akaangalia hiyo karatasi muda mrefu, akaniuliza, "Sasa nyathina, marabu wangapi wameruka?" Nikamwambia hapa kazini hatuwezi kuwahesabu, lazima mtu akatwe kipande cha mafuta kiwekwe chini ya darubini, lakini wengi bado wapo, ila wanatupiwa samaki wachache. Akakunja uzi, akaurudisha ndani ya leso, akauliza binti yake wa miaka 19 naye ampime kiuno kuanzia lini.